Kijana wa Kijenge, nani amekula nafasi yako ya Monduli?

Hebu tuulizane bila kufichana. Wewe unayesoma ukurasa huu umeegemea bodaboda yako pale Impala, au umeuazima kwa mwenzako kijiweni Kijenge Juu, umewahi kumjua kijana hata mmoja wa mtaani kwenu aliyevaa nyota ya Luteni Usu begani? Simsemi mtoto wa kigogo ambaye baba yake alijenga Njiro na kuzungusha seng'enge. Namsema mtoto wa mama ntilie, mtoto wa fundi viatu, mtoto wa konda wa kifodi. Umjue kwa jina, umjue na mama yake.

Fikiria kwanza. Nakusubiri.

Kama umempata, mpe hongera zake, maana wako, na wamefika kwa jasho lao. Kama hujampata, basi tuna la kuzungumza. Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi hakiko ng'ambo. Unatoka mjini, unapita Kisongo, unaiacha barabara ya Dodoma, unakata kulia kupanda milima ya Monduli, na saa moja haijaisha umefika getini. Chuo hicho kilianzia Kurasini, Dar es Salaam, mwaka 1969, kikahamia Monduli mwaka 1976. Jakaya Kikwete, aliyekuja kuwa Rais wa Awamu ya Nne, alipita pale kama mwanafunzi, na miaka ya 1984 hadi 1986 akarudi kuwafundisha siasa maafisa wanafunzi. Siku hizi kuna hata kozi inayoishia shahada ya sayansi ya kijeshi, kwa ushirikiano na Chuo cha Uhasibu kilichopo hapo hapo Njiro, mahali unapopeleka abiria kila siku kwa pikipiki.

Arusha tumezungukwa na jeshi kila upande. Monduli maafisa wanazaliwa. Duluti kuna Chuo cha Ukamanda na Unadhimu, ambako maafisa wenye vyeo wanaongezewa ujuzi. Oljoro kuna kambi ya JKT. Kijana wa Kijenge amezungukwa na vyuo vya makamanda kama mtu aliyekaa katikati ya Soko la Kilombero na njaa tumboni!

Sasa tuieleze njia yenyewe, maana wengi wenu mnaambiwa habari za jeshi na watu wa kijiweni ambao hata fomu hawajawahi kuishika.

Hupeleki barua Monduli. Ukienda getini na vyeti vyako mkononi, askari wa zamu atakuonyesha barabara uliyokuja nayo. Kwanza upite JKT. Matangazo ya kuandikisha askari ya miaka ya karibuni yalimtaka mwombaji awe raia, awe hajaoa, awe hana rekodi ya jinai, na awe na cheti cha kumaliza mafunzo ya JKT. Kikomo cha umri kilikuwa miaka 24 kwa kidato cha nne na cha sita, miaka 26 kwa mwenye stashahada, miaka 27 kwa mwenye shahada. Barua inaandikwa kwa mkono na kwenda Makao Makuu ya Jeshi, Dodoma. Ukichukuliwa unaanza ukuruta, kwa mfano kule Kihangaiko, Bagamoyo, unanyolewa na kukimbizwa kama wenzako. Mlango wa Monduli unafunguka baadaye, kwa wenye elimu inayotakiwa na waliofaulu mchujo mwingine. Kwa hiyo hesabu ya uafisa haianzi Monduli, ndugu yangu. Inaanza JKT.

Na JKT ina milango miwili. Hapa ndipo nataka ukae vizuri unisikilize.

Mlango wa kwanza ni ule wa mujibu wa sheria. Ni wa waliomaliza kidato cha sita. Ulisimamishwa mwaka 1994 serikali ilipolia ukata, ukafunguliwa tena mwaka 2013. Mwaka ukifika, majina yanatangazwa nchi nzima, shule kwa shule, na kila jina na kambi yake. Mtoto wa waziri anasoma jina lake mahali pale pale anaposoma mtoto wa mbeba zege. Hakuna wa kumpigia simu. Jina lipo au halipo, na kila mtu analiona.

Mlango wa pili ni ule wa kujitolea. Huu ndio wenu ninyi mlioishia kidato cha nne, au mliokwenda vyuo vya ufundi mkachukua stashahada. Nafasi zinagawanywa mikoani na wilayani, na maombi yanapita ofisi za wakuu wa wilaya na wakuu wa mikoa. Wilaya imepewa nafasi ngapi? Walioomba walikuwa wangapi? Aliyeachwa aliachwa kwa sababu gani? Uliza uone utakavyotazamwa.

JKT ni hiyo hiyo moja, sare ile ile, ugali ule ule. Mlango mmoja una majina ukutani, mlango mwingine una majina mfukoni mwa mtu. Kwa nini?

Nina jirani yangu hapa Kijenge, kijana wa miaka 24. Ana stashahada ya ufundi umeme, mama yake anauza ndizi sokoni. Saa kumi na moja alfajiri utamkuta anakimbia barabara ya Moshono, mvua inyeshe isinyeshe. Wilaya aliyoombea siitaji, maana kijana bado anataka kuomba tena, na watu wenyewe tunawajua kwa visasi. Mara ya kwanza aliitwa kwenye usaili. Akakimbia, akamaliza wa nne. Akapimwa kifua, akapimwa macho, vyeti vikakaguliwa vikaonekana halali. Wakaambiwa majina yatabandikwa Jumatatu. Jumatatu ubao ulikuwa mtupu. Jumatano akaambiwa hakuna cha kubandika, waliochaguliwa walishapigiwa simu tangu Jumamosi. Akatoa simu yake mfukoni akaitazama. Ilikuwa imewaka tangu Ijumaa.

Mara ya pili hakufika hata uwanjani. Karani alilikuta jina la katikati kwenye cheti cha kuzaliwa lina herufi moja tofauti na la kwenye kitambulisho cha NIDA. Hilo, niseme ukweli, lilikuwa kosa lake. Alilijua mwaka mzima akaliacha. Lakini jioni ile ile mtu mmoja akamtafuta kwa simu, akamwambia, "Dogo, hilo la herufi ni dogo, leta milioni moja na nusu ya mzee, jina litapita." Huyo mtu namba aliipata wapi? Habari ya herufi aliipata wapi? Mama akasema kiwanja cha Muriet hakiuzwi kwa ajili ya mtu asiyeandika risiti. Bora mama huyo.

Najua mtaniambia, mwandishi, hayo ni mambo ya watu wachache wala rushwa, chama kinaingiaje? Kinaingia. Tena kimeingia siku nyingi.

Rudi mwaka 1964. Tarehe 20 Januari askari wa Tanganyika Rifles wa kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliasi. Walitaka mishahara bora na walitaka maafisa wa Kiingereza waondoke, kwa sababu miaka miwili baada ya uhuru aliyekuwa akiwaamuru alikuwa bado mzungu yule yule. Yaani ghasia kubwa ya kwanza ya jeshi katika nchi hii huru ilikuwa juu ya swali hili hili tunalouliza Kijenge leo: nani anastahili kuwa afisa? Mwalimu aliwaita Waingereza, wakawanyang'anya askari silaha tarehe 25 Januari. Jeshi likavunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huo likazaliwa JWTZ. Askari wake wengi wa kwanza walitafutwa kupitia Umoja wa Vijana wa TANU. Hofu ya Mwalimu ilikuwa na sababu zake, nami simlaumu. Lakini tangu siku ile bunduki na kadi vilitembea pamoja, na kambini kukawa na matawi ya chama.

Yakaja mageuzi ya mwaka 1992. Katiba ikabadilishwa, na Ibara ya 147 inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa. Kura anapiga, kadi hachukui. Kikwete huyo huyo akiwa Luteni Kanali ilimbidi achague, akaacha jeshi akabaki na chama. Safi kabisa. Jeshi likatoka kwenye chama.

Je, chama kilitoka mlangoni mwa jeshi?

Hesabu na mimi. Barua yako ya utambulisho anaandika mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 2019, ambao vyama vikubwa vya upinzani viliususia baada ya wagombea wao kuenguliwa kwa mafungu, chama tawala kilitangaziwa zaidi ya asilimia 99 ya mitaa. Mwaka 2024 kikatangaziwa zaidi ya asilimia 98. Barua inapanda kwa mkuu wa wilaya. Mkuu wa wilaya anateuliwa na Rais, ambaye ndiye mwenyekiti wa chama tawala. Mkuu wa wilaya huyo ni mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama, na hapo hapo anaingia kwenye kamati ya siasa ya CCM ya wilaya. Asubuhi anapokea majina ya vijana wanaotaka kutumikia taifa, mchana anakaa na katibu wa chama kupanga namna ya kushinda mtaa wako. Kadi ilitolewa mfukoni mwa askari ikaachwa mfukoni mwa anayemchagua askari!

Sasa wewe uliyekamatwa kwenye maandamano miaka ile, au ambaye picha yako umevaa kombati iko kwenye simu ya mtendaji wa kata, nenda kaombe barua. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Wewe si ndiye yule?"

Sisemi kila mwenyekiti ni mbaya. Yuko mmoja wa chama tawala hapa hapa Kijenge ambaye huandika barua kwa kila anayebisha hodi, hata usiku, na wenzake humsema kwa hilo. Nasema tu kwamba haki ya kulilinda taifa lako haitakiwi kutegemea wema wa mzee mmoja.

Na jeshi lenyewe nalitetea. Afisa anayesimama uwanjani na saa mkononi mara nyingi hana shida na wewe. Mbio hazisomi kimemo. Ukifika kwake umefika mahali ambapo mapafu yako ndiyo yanayosema. Shida ni safari ya kumfikia, inayopita kwenye ofisi ambazo hazina saa wala kipimo.

Wapo watakaosema hivi ndivyo ilivyo duniani kote. Si kweli. Panda gari hadi Namanga uvuke. Kenya hutangaza magazetini tarehe na uwanja wa kuandikisha askari kwa kila eneo, na zoezi linafanyika hadharani watu wakitazama. Rushwa ipo, tena kubwa, na kila mwaka wanakamatwa watu wenye barua bandia za kuitwa jeshini. Lakini mwananchi ana uwanja wa kwenda kusimama akatazama, na Katiba yao ya mwaka 2010, Ibara ya 241, inataka uongozi wa jeshi ufanane na sura ya nchi, makabila na mikoa yake. Kijana wa Turkana akiachwa ana ibara ya kuinua juu.

Au nenda mbali zaidi. Marekani wana chuo chao cha maafisa, West Point, tangu mwaka 1802. Kule huwezi kuingia hivi hivi. Wengi wanahitaji kupendekezwa na mbunge au seneta wao. Ndiyo, ni kimemo! Ila kimemo chao kimeandikwa kwenye sheria. Kila mbunge na kila seneta hana haki ya kuwa na wanafunzi zaidi ya watano chuoni kwa wakati mmoja, anatangaza namna ya kuomba na siku ya mwisho, na ukishapendekezwa chuo kinakupima chenyewe kikikuona hufai kinakuacha.  Wao kimemo wamekihesabu. Sisi tumekikataa kwa mdomo, kisha tukakiacha kizurure usiku.

Msidhani nalia kwa sababu ya nyota za begani tu. Kumbukeni Mirerani, si mbali na hapa. Vijana wa JKT walijenga ule ukuta wa kilomita 24.5 kuzunguka tanzanite, kazi ya miezi michache. Siku ya kuuzindua, Aprili 2018, Rais Magufuli akaagiza vijana waliojenga waajiriwe. Nchi nzima ikasikia. Tangu hapo kila aliyeshika sururu kambini akaamini sururu ni tiketi. Aprili 2021 vijana wa JKT wakagoma wakitaka kwenda Ikulu ya Chamwino kudai ajira waliyoamini wameahidiwa, na vijana 854 wakafukuzwa. Mwaka 2022 Rais Samia akawasamehe, wakaitwa warudi. Mimi nasema kosa la kugoma ukiwa umevaa gwanda ni kosa, hakuna jeshi litakalolivumilia. Lakini nani aliyewafundisha vijana wale kwamba ajira ni zawadi inayotoka mdomoni mwa mkubwa siku akifurahi? Matangazo ya JKT yenyewe yanasema wazi kwamba mafunzo si ahadi ya ajira. Karatasi inasema hivi, jukwaa linasema vile, na kijana anaamini jukwaa.

Ukungu huo ndio shamba la matapeli. Pale ambapo hakuna anayejua nafasi ziko ngapi, kila mwenye suti na simu mbili anaweza kukuambia anazo tano. Jeshi limetangaza mara nyingi kwamba nafasi haziuzwi. Basi mtu akikudai hela ya jeshi, iwe ya fomu, ya vipimo au ya "mzee", huyo ni mwizi, hata kama anakuonyesha picha akiwa na kanali. Wako watu mji huu waliouza ng'ombe, wakapewa barua yenye muhuri, wakafika kambini na sanduku lao la bati, wakarudishwa getini wakicheka kwa aibu. Hawasemi. Nani atakayekwenda polisi kusema nilitoa rushwa nikaibiwa?

Na wewe nawe usiwape sababu rahisi. Kama majina yako hayafanani kwenye cheti cha shule, cha kuzaliwa na NIDA, nenda RITA na kwa wakili wiki hii, usingoje tangazo, kwa sababu tangazo likitoka siku ni chache na foleni ni ya mkoa mzima. Bangi acha. Kuchora mwili acha. Kama mdogo wako amemaliza kidato cha sita na jina lake limetoka, mwambie aende, hata kama shangazi yake anasema miezi mitatu ya jua ni mateso. Mlango wake hauna karani, na cheti atakachotoka nacho asikipoteze.

Lakini hayo yote ni upande wako. Upande wao ni karatasi moja tu. Ibandikwe nje ya ofisi ya wilaya na ofisi ya kila kata: wilaya imepewa nafasi hizi, walioomba ni hawa, waliofika uwanjani ni hawa, muda wa kila mmoja kwenye mbio ni huu, waliochukuliwa ni hawa, walioachwa ni hawa na sababu ni hii. Msituambie ni siri ya ulinzi. Idadi ya vifaru ni siri. Muda aliokimbia mtoto wa muuza ndizi uwanjani mchana kweupe, mbele ya watu mia tatu, si siri. Kama majina ya kidato cha sita wa nchi nzima yanatangazwa na adui hajatuvamia, majina ya vijana wa wilaya moja hayatauleta uvamizi.

Diwani wako anaweza kuliuliza hilo kwenye kikao cha kata. Mbunge wako anaweza kuliuliza Dodoma na waziri akajibu likaandikwa kwenye kumbukumbu za Bunge. Wakija kuomba kura mtaani msiwaulize kuhusu fulana na kofia. Waulizeni mwaka jana wilaya ilipata nafasi ngapi za JKT, na za kata yetu zilikwenda kwa nani. Wa chama tawala waulizeni, na wa kwetu upinzani waulizeni pia, maana wapo waliokaa miaka mitano kwenye viti vya udiwani wasiulize hata siku moja.

Jirani yangu ameshalipia cheti chake, herufi imerekebishwa. Mwakani anatimiza miaka 25. Amepiga hesabu ya JKT, akapiga na ya jeshi lenyewe, akaona imebaki nafasi moja, labda na nusu yake. Jana alfajiri nilimkuta kwenye kilima cha Moshono ameinama anahema, nikamuuliza safari hii atafanya nini tofauti. Akasema siku ya kupeleka fomu hatatangulia kutoa vyeti. Ataanza kwa kumuuliza karani, mbele ya foleni yote, nafasi ni ngapi.